Tathmini ya Kamusi ya Merriam-Webster ya Mtandaoni kwa Kipimo cha Neno mesmerize

Kamusi ya Kiingereza ya Merriam-Webster inapatikana bila malipo katika intaneti tangu 1996, na asili yake ni kamusi ambayo Noah Webster aliichapisha Marekani mwaka 1828. Nimeamua kuipima kwa kitenzi kimoja, mesmerize, ambacho wanahabari wa Kiingereza hukitumia kila mwimbaji anapowanyamazisha wasikilizaji au mchezaji anapowaacha mabeki wameduwaa, na ambacho sisi watafsiri tumezoea kukigeuza kuwa "kuvutia" bila kukifikiria mara mbili.

Kitomeo chake, yaani sehemu ya kamusi inayolieleza neno hilo, kina maana mbili. Ya kwanza ni kumtia mtu katika hali inayofanana na usingizi, ambamo hufuata maelekezo ya mwingine. Ya pili, ambayo ndiyo tunayokutana nayo kila siku, ni kuishika akili ya mtu hata asiweze kuangalia pengine. Msomaji ajue kwamba kamusi hii hupanga maana kwa kufuata historia, kwa hiyo maana inayotangulia ni ya kale zaidi na si lazima iwe ndiyo iliyoenea. Wanafunzi wengi huchukua maana ya kwanza wanayoiona na kufunga ukurasa, na kwa neno hili watapotea.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ni ile ya asili ya neno, kwa kuwa hapa kamusi inatupeleka kwa mtu mwenyewe: Franz Anton Mesmer, tabibu aliyezaliwa 1734 katika eneo la Swabia, Ujerumani, akasomea udaktari Vienna na kuhamia Paris mwaka 1778. Mesmer aliamini kwamba katika viumbe hai hupita nguvu isiyoonekana, mfano wa sumaku, na kwamba maradhi hutokea inapozuiwa. Wagonjwa wake waliketi kulizunguka pipa kubwa la mbao lenye fito za chuma zilizochomoza, muziki ukipigwa chumbani, na baadhi yao walitetemeka, wakalia au kuzimia. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI wa Ufaransa aliunda tume, mwanasayansi wa Marekani Benjamin Franklin na mkemia Antoine Lavoisier wakiwa miongoni mwa wajumbe, ambayo ilifanya majaribio pamoja na Charles Deslon, mfuasi wa Mesmer. Katika jaribio moja kijana aliyefungwa macho alipelekwa kwenye miti kadhaa, mmoja wao ukiwa umetiwa "nguvu" na Deslon. Kijana huyo alizimia penye mti ambao haukuguswa kabisa. Tume ikaamua kwamba kilichofanya kazi ni fikra za mgonjwa, si sumaku yoyote. Baadaye, katika miaka ya 1840, daktari wa upasuaji James Braid wa Manchester aliichunguza upya hali hiyo ya kama usingizi na kuipa jina jingine, hypnotism, lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi, huku jina la Mesmer likibaki katika kitenzi tunachokizungumzia.

Historia hiyo ina faida kubwa kwa anayeandika Kiswahili. Kitenzi kilichozaliwa katika chumba cha namna hiyo kinabeba wazo la mtu kupokonywa hiari yake, nalo "kuvutia" halilifikishi, maana hata rangi ya ukuta huvutia. "Kuteka" kunakaribia zaidi, mradi mwandishi ataje kilichotekwa, kama nadhari au nyoyo, kwa sababu sentensi ya gazeti isemayo tu kwamba watazamaji walitekwa itamtia msomaji hofu. "Kuduwaza" kunafaa pale ambapo mtu amebaki kimya akikodoa macho. "Kupumbaza" nakuona kuwa na uzito unaolingana kabisa na maana ya kale, kwa sababu ndani yake mna kuliwaza na kupoteza akili kwa pamoja, ingawa katika sifa za msanii kutasikika kama lawama.

Udhaifu wa kamusi unaonekana katika mifano. Mingi inakusanywa kwa mashine kutoka vyombo vya habari vya siku hizi, na kwa hiyo inaonyesha matumizi mepesi tu, bila kumwonyesha mwanafunzi mahali ambapo neno linatumika kwa nguvu zake zote. Orodha ya visawe nayo inayapanga maneno bega kwa bega bila kuyatofautisha. Dawa yake imo katika kamusi hiyohiyo: fungua kitomeo cha captivate, usome aya inayolinganisha maneno ya jamii hii, ambapo captivate yenyewe inaelezwa kuwa ni kuteka mawazo ya mtu, mara nyingi kwa muda tu, ilhali fascinate inasisitiza kwamba juhudi za kukataa hazifui dafu. Aya kama hiyo ilistahili kuwekwa chini ya mesmerize pia, na kutokuwepo kwake ni pengo ninalotamani lizibwe.

Matangazo ya biashara ni mengi na hupunguza kasi ya ukurasa kwenye simu. Matamshi yanayosikika yanafuata Kiingereza cha Marekani, jambo ambalo mwalimu wa Afrika Mashariki anayefundisha kwa mtaala wenye mwelekeo wa Uingereza atapaswa kuwaeleza wanafunzi mapema. Kwa mfasiri, hata hivyo, naipendekeza bila kusita, hasa kwa sehemu ya asili za maneno.