Kifaa cha kukatia cheni ya baiskeli: tazama pini kwanza

Malalamiko ninayopokea kutoka Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, yanafanana: mtu kanunua kifaa cha kukatia cheni, kakitumia mara moja, pini imepinda. Rangi na ukubwa mtaamua wenyewe. Mimi nauliza jambo moja tu: ile pini ya kifaa inayosukuma pini ya cheni itoke, inabadilishika?

Pini hiyo ndiyo inayobeba nguvu yote ya mkono wako. Ikikaa upande kidogo, inakwaruza bamba la cheni, kisha inapinda. Kabla ya kulipa, zungusha mpini taratibu mpaka ncha itokeze, uitazame kwa mbele. Ikiyumba badala ya kwenda katikati, mrudishie mwenyewe.

Namba moja ni Park Tool CT-5, na sifichi kwamba naipendelea. Inaingia mfukoni, na pini ikivunjika unanunua pini peke yake. Bei inauma, kweli. Changeni na jirani.

Namba mbili ni viungo vya KMC vya kuunganishia, kwa baiskeli za gia. Chukua kulingana na idadi ya gia za nyuma: cheni ya gia 8 ina upana wa kama milimita 7.1, ya gia 9 kama 6.6, kwa hiyo kiungo cha moja hakikai sawasawa kwenye nyingine. Na kiungo kilichokatika bado utahitaji kifaa cha kukitoa.

Roadmaster au Hero ya kubebea matoke, isiyo na gia, inataka kiungo cha klipu, yaani kinachofungwa kwa kibanio chembamba chenye mwanya upande mmoja. Upande wa klipu uliozibwa utangulie kule cheni inakokwenda. Ukiugeuza, klipu ikigusa kifuniko cha cheni inachomoka, na mzigo uko nyuma.

Vifaa vya kukatia vya bei ya chini kabisa, visivyo na jina? Afadhali nyundo na msumari uliokatwa ncha.

Sasa wauzaji. Huku mpakani ndiko ilikozaliwa bodaboda ya baiskeli, lakini ukiuliza kiungo ni cha gia ngapi unajibiwa, "Kinaingia zote, mama." Hakuna kinachoingia zote! Wengine wanachomoa klipu kwenye cheni kuukuu, wanaisafisha kwa petroli, wanakuuzia kama mpya, na klipu iliyowahi kufunguliwa mara kadhaa huwa imelegea. Bei nayo hupanda wakikuona umeshika baiskeli ya gia. Iache nyumbani, nenda na kipande cha cheni yako, na klipu nunua mbili.