Rola ya kuchulia misuli kwa anayeanza kupiga chuma: uzoefu wangu siku za mapumziko

Naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya maneno ya kwenye boksi, yanayosema rola inaondoa asidi ya laktiki (ile ambayo misuli huitoa ikifanya kazi nzito) na kutibu misuli ndani ya dakika 10. Asidi hiyo huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Ukipiga skwati (kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na chuma mabegani) Jumatatu jioni na Jumanne asubuhi ukashindwa kushuka ngazi, unachosikia ni misuli iliyoumia kidogokidogo kwa kazi isiyoizoea, hasa ile ya kushusha uzito taratibu: kwenda chini kwenye skwati, kurudisha chuma kifuani kwenye benchi. Maumivu hayo huanza polepole, hufika kilele kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua uwe na rola au usiwe nayo.

Inachofanya kweli ni kupunguza ukali wa maumivu kwa muda na kukupa uhuru wa kukunja viungo kwa dakika 10 hadi 20 hivi. Kwa mtu wa wiki ya kwanza hadi ya sita hiyo si faida ndogo. Ndiyo tofauti ya kukaa kitandani siku nzima na kutoka kutembea.

Ninayotumia ina urefu wa sentimita 33 na kipenyo cha sentimita 14. Ndani ni bomba gumu la plastiki, nje sponji ngumu yenye mifereji. Kwa mapaja, makalio na mashavu ya miguu inatosha kabisa. Mgongo wa juu ndio inapopungua: mwenye mabega mapana anaikosa pembeni, angechukua ya sentimita 45. Zile nyepesi za sponji tupu sizipendekezi kwa aliyefika kilo 75, kwa kuwa hubonyea katikati na baada ya muda hazirudi umbo lake. Dukani ibonyeze kwa dole gumba kwa nguvu zako zote. Dole likizama kama linavyozama kwenye godoro, iache. Na zenye meno marefu makali ziache pia kwa sasa, maana mwili ukiogopa maumivu hujikaza, na msuli uliojikaza hauchuliki.

Matumizi yangu ni dakika 10 siku ya mapumziko, na dakika 3 au 4 kabla ya kupasha mwili siku ya chuma. Ratiba ni ile ya kawaida ya wanaoanza: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Weka rola juu ya zulia au mkeka wa mpira, kwa sababu kwenye sakafu ya vigae inakimbia. Mbele ya paja: lala kifudifudi, viwiko chini, rola juu kidogo ya goti. Jisukume polepole, kama sentimita 3 kwa sekunde, hadi karibu na nyonga. Ukigusa penye maumivu, simama hapo sekunde 20 hadi 30, pumua nje kwa kirefu, kunja goti na kulinyoosha mara tano. Hapo utausikia msuli ukiteleza chini ya rola na ukali ukishuka. Dakika moja kwa kila paja, halafu makalio, shavu la mguu, mwisho mgongo wa juu ukiwa umejikumbatia ili mifupa ya mabega ifunguke.

Kosa ninaloliona sana jimuni ni kwenda mbio mbele na nyuma kama anayesukuma chapati. Hiyo haifanyi kitu. Kosa la pili ni kubana meno. Kama maumivu yanapita 6 kwenye kipimo cha 10, punguza uzito kwa kuweka mguu mwingine chini. Usipitishe rola kiunoni, nyuma ya goti wala shingoni. Kiunoni hakuna mbavu za kugawana uzito, na nyuma ya goti ipo mishipa ya damu na ya fahamu karibu kabisa na ngozi. Ubavuni mwa paja nako watu wanajitesa bure: ule ni ukano mnene usiorefuka kwa kuchuliwa.

Baada ya rola, tembea dakika 20 hadi 30, mwendo wa kuweza kuongea bila kuhema. Kutembea kunanisaidia kuliko rola yenyewe. Damu inazunguka, ukakamavu unaachia, na huongezi mzigo wowote juu ya misuli inayojijenga. Kukimbia kilomita 8 au kuruka kamba nusu saa si mapumziko, na skwati ya kesho yake itakuonyesha.

Ambacho rola haiwezi kukufidia ni chakula na usingizi. Lenga protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, na siku ya mapumziko usipunguze, kwani ndiyo siku misuli inapojengwa. Kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 112. Mayai matatu yanakupa kama 18, maziwa nusu lita 16, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, kuku wa kifuani aliyeiva gramu 150 kama 45. Ugali, wali na konzi ya karanga vinamalizia. Pasipo kuku, dagaa wanafanya kazi hiyohiyo. Usingizi ni wa muda wa saa 7 hadi 9 kila usiku. Anayelala kwa muda wa saa 5 tu akanunua rola amenunua kitu kisichohusiana na tatizo lake.

Jumatano ikifika na bado unauma, usiamue ukiwa kitandani. Nenda, piga seti mbili za chuma kitupu cha kilo 20, mara tano kila seti. Maumivu yakilegea, endelea na uzito uliopangwa. Yakibaki lakini umbo la skwati ni zuri, punguza uzito asilimia 10 na upige seti tatu badala ya tano. Ukiona magoti yanaingia ndani au unaegemea upande mmoja, acha skwati siku hiyo. Zoezi lilelile ukilirudia wiki ijayo halitauma kama mara ya kwanza, kwa kuwa misuli hujifunza haraka. Ndiyo maana kubadilisha mazoezi kila wiki kunamweka anayeanza kwenye maumivu yasiyoisha.

Maumivu makali ya kuchoma ndani ya kiungo, ya upande mmoja, hayo si ya rola. Na kama baada ya zoezi zito msuli umevimba, umekuwa dhaifu kupita kawaida, na mkojo una rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Msuli ukivunjika kwa wingi humwaga vitu vinavyoumiza figo.

Asiyetaka kununua akate bomba la plastiki la maji taka la inchi nne, urefu wa sentimita 40, asugue ncha kwa msasa, alizungushie kipande cha mkeka wa mpira na kulibana kwa utepe. Ni gumu kuliko langu, ila kwa mapaja linafanya kazi. Mpira wa tenisi unafaa unyayo na makalio.

Yangu baada ya miezi minne haijabonyea. Kasoro ni mifereji inayoshika jasho na vumbi: naifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na kuikausha kivulini, kwa kuwa jua kali huifanya sponji ya aina hii kukakamaa na kupasuka.