Siku 6 hotelini, na mlango uliofunguka nisipokuwepo

Nimeipa nyota 3. Kwa kitanda, maji ya moto na ukimya wa korido peke yake ningeipa 5 bila kusita. Nyota 2 zimeondoka kwa jambo moja ambalo nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu nilisoma maoni ya wageni wengine kabla ya kulipia na sikukuta hata mmoja aliyeligusa. Hoteli hii inakagua vyumba, uwepo usiwepo, na haikuambii.

Mnijue kwanza. Mimi ni muuguzi, zamu zangu nyingi ni za usiku, na likizo yangu mimi ni usingizi. Nikifika hotelini natundika kibao cha "Usisumbue", navuta mapazia, nazima simu. Sihitaji shuka mpya kila siku wala mtu wa kunikunjia taulo mfano wa bata. Kwa hiyo kile kibao kilining'inia mlangoni tangu usiku niliofika, na siku ya pili nzima kikashinda hapo hapo.

Siku ya tatu, alasiri, nilikuwa ndiyo kwanza natoka kuoga. Mlango ukagongwa mara 2, harakaharaka, na kabla sijauliza nani nikasikia kale kamlio ka kufuli ya kadi. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, ukakwama. Nilikuwa nimeweka mnyororo.

"Ukaguzi, dada," sauti ya kiume ikasema kwenye ule mwanya.

"Ukaguzi wa nini?"

"Wa usalama tu. Dakika moja."

Nimejifunga taulo, maji yananichuruzika mgongoni, na mwanaume nisiyemjua ameshafungua mlango wangu. Nikamwambia aurudishe anisubiri nje. Nikapiga mapokezi kwa simu ya chumbani. Hilo nalisisitiza: piga namba iliyobandikwa kwenye simu ya mezani, usipige ile atakayokutajia mtu aliyesimama mlangoni. Binti wa mapokezi akanijibu, "Sina taarifa hiyo dada, ngoja niulize," akaniachia muziki. Hapo ndipo moyo ulipoanza kwenda mbio. Kama mapokezi hawajui, huyu nje ni nani, na kadi inayofungua chumba changu kaipata wapi?

Zilipita kama dakika 7 ndipo meneja wa zamu akapiga mwenyewe. Ni watu wetu, tunaomba radhi sana, kibao kikipitisha siku 2 huwa tunaingia kuangalia.

Nikavaa, nikafungua. Kijana wa ulinzi ana redio mkononi na kitambulisho shingoni, na nyuma yake mama mtu mzima, msimamizi wa usafi, ambaye ndiye alikuwa na haya kuliko sisi sote. "Tusamehe mwanangu, tunatumwa." Ukaguzi wenyewe haukufika dakika 2. Kijana alichungulia bafuni, akafungua mlango wa baraza, akatupia jicho kabatini bila kugusa nguo, kisha akainua macho kwenye kile kidude cha kunusa moshi darini. Mabegi hakuyagusa. Nikamuuliza anatafuta nini kule juu, akasema wavuta sigara huwa wanakivalisha soksi. Nikacheka, maana mimi nilishakikagua usiku niliofika, ila nilikuwa natafuta kama kina jicho. Mwaka 2019 polisi wa Korea Kusini waligundua kamera ndogo katika vyumba 42 vya moteli 30, zimefichwa kwenye visanduku vya televisheni, soketi za ukutani na vishikio vya mashine za kukaushia nywele. Wageni wapatao 1,600 walirekodiwa, picha zao zikirushwa mtandaoni moja kwa moja. Tangu nilipoisoma habari hiyo silali mahali bila kuzungusha macho kwanza.

Wakaondoka, nikabaki nimekaa kitandani nikijiuliza kama nina haki ya kukasirika.

Ukaguzi wa namna hii una chanzo chake. Usiku wa Oktoba 1, 2017, huko Las Vegas, mtu mmoja alivunja dirisha la chumba chake katika ghorofa ya 32 ya hoteli ya Mandalay Bay, akawamiminia risasi watu waliokuwa kwenye tamasha la muziki chini. Waliokufa walihesabiwa 58, baadaye idadi ikafikia 60. Silaha alizipandisha chumbani kwa siku kadhaa ndani ya mabegi, kama mgeni mwingine yeyote na mizigo yake. Baada ya hapo mlango unaokaa umefungwa siku nyingi ukaanza kutiliwa shaka. Desemba ya mwaka huo huo, baadhi ya hoteli za Disney kule Florida ziliondoa kabisa kibao cha "Usisumbue" na kuweka kingine kinachosema tu kwamba chumba kina mtu, na wafanyakazi wakapewa ruhusa ya kuingia hata kama kimetundikwa. Agosti 2018, tena Las Vegas, wataalamu wa usalama wa kompyuta waliokuja kwenye mkutano wa DEF CON walilalamika kwamba walinzi wa hoteli wanawaingilia vyumbani. Kati yao walikuwepo wanawake waliosafiri peke yao. Nikikumbuka ule mwanya wa mlango, nawaelewa.

Je, ukaguzi huu unasaidia? Kwa silaha sidhani. Kijana wangu wa redio asingeziona hata kama ningekuwa na bunduki 5 chini ya kitanda, maana hakuinama. Lakini nimewahi kupokea wodini mzee aliyeanguka bafuni hotelini akavunjika nyonga, akalala sakafuni usiku mzima na mchana wake. Kibao kilikuwa mlangoni, na kila aliyepita korido alikiheshimu. Kwa hiyo wakija watu 2 wenye vitambulisho, mmoja wao mwanamke, wakagonga na kungoja nijibu, nawafungulia bila ugomvi.

Kwenye karatasi wako sawa pia, na hili lilinikera zaidi. Niliomba nakala ya fomu niliyosaini siku ya kwanza. Nyuma yake, kwa herufi za kusomwa na kurunzi, imeandikwa kwamba uongozi unaweza kuingia chumbani wakati wowote kwa ajili ya usalama, usafi au matengenezo. Saini yangu iko chini yake, imenyooka vizuri kabisa. Nani anasoma upande wa nyuma wa fomu usiku wa manane, begi limemning'inia begani na watu 4 kwenye foleni nyuma yake? Sentensi moja ya mdomo ingetosha: "Kibao kikikaa siku 2, tutagonga."

Ingeishia hapo ningetoa nyota 4 nikalala zangu. Kuna siku ya tano.

Siku hiyo nilitoka asubuhi, kibao nikakiacha kilipo, nikarudi jioni. Kitanda kilikuwa vilevile, taulo zilezile, ndoo ya taka haijamwagwa. Lakini daftari langu, ambalo nililiacha limelala kifudifudi juu ya mto, liko mezani. Limefungwa. Kalamu imewekwa pembeni yake, imenyooka kama kwenye dawati la mwalimu. Pesa zipo, pasipoti ipo kwenye sefu. Ni daftari tu. Lakini ni daftari langu la moyoni, mengine yaliyomo hata mume wangu hajayasoma.

Nikashuka mapokezi. "Hakuna aliyeingia dada, kibao si kilikuwepo?" Alilisema kwa uhakika kiasi kwamba kwa sekunde chache nilianza kujitilia shaka mwenyewe.

Nikawaambia naomba kufuli isomwe. Kimya. Nilijua kwa sababu stoo ya dawa kazini kwetu ina kufuli ya aina hiyo hiyo: kila kadi inapofungua mlango, kufuli inaandika ni kadi ipi na saa ngapi, na orodha inabaki humo ndani. Wageni wengi hawajui, na hoteli haziwi na haraka ya kuwajulisha. Ukihisi mtu kaingia, omba kufuli isomwe siku hiyo hiyo, kwa sababu kumbukumbu yake ina kikomo na mapya husukuma ya zamani nje.

Baada ya kuzungushwa karibu saa nzima, fundi alipanda na meneja. Alikuwa na kimashine cha kushika mkononi, kama cha wakaguzi wa tiketi, chenye waya. Akapachika ncha ya waya kwenye kitundu chini ya kufuli, akasubiri, mistari ikaanza kupanda kwenye kioo. Akawa ananisomea kwa kidole. "Hii 17:20 ni kadi yako, saa 11 na dakika 20 jioni, ndiyo umerudi. Hii hapa 13:47..." Akanyamaza, akamtazama meneja. Saa 7 na dakika 47 mchana, kadi ya msimamizi wa usafi.

Akaitwa yule mama wa siku ya tatu. Akaja anafuta mikono kwenye aproni, na hakuzunguka hata kidogo. Aliingia na mlinzi kwa sababu kibao kilikuwa kimezidi siku tena. Akakuta feni imelipeperusha daftari chini, akaliokota, akaliweka mezani. "Sikulifungua, mwanangu."

Namwamini. Anayesoma daftari la mtu kwa siri hulirudisha kama alivyolikuta, halinyooshei kalamu.

Niliyemkasirikia ni aliyepanga kazi. Nilipombana meneja ilibainika kwamba ukaguzi unaandikwa kwenye kitabu cha ulinzi ghorofa ya chini, na mapokezi hawakioni kitabu hicho. Kwa hiyo binti yule hakunidanganya kwa makusudi. Alinihakikishia jambo asilolijua, na ilikuwa mara ya pili ndani ya siku 3 mapokezi kutojua nani yuko mlangoni kwangu. Siku mwizi wa kweli akipata kadi, mgeni atapiga simu, ataambiwa ni ukaguzi tu, au hakuna aliyeingia, kutegemea nani kapokea.

Nikiwa na fundi pale mlangoni nilimuuliza pia kuhusu sefu. Akatabasamu. Mgeni akisahau namba yake, akasema, unadhani tunaifunguaje? Sefu za vyumbani huwa na njia nyingine ya kufunguliwa na hoteli. Inakulinda na mtu anayepita tu, lakini haimzuii mwenye dhamana ya jengo. Na hizi kadi zenyewe si za kuapia. Machi 2024 watafiti walitangaza udhaifu katika kufuli za kadi za hotelini aina ya Saflok, zilizo kwenye milango zaidi ya milioni 3 katika nchi 131. Kwa jozi ya kadi walizotengeneza wao waliweza kufungua mlango wowote wa hoteli husika, hata ukiwa umefungwa kwa ndani kwa lachi yake, kwa sababu lachi hiyo nayo inaongozwa na umeme wa kufuli. Mnyororo wa chuma hauongozwi na kitu. Siku ile ya tatu ndio ulionisitiri, kwa hiyo kwenye nyota 3 nilizotoa, moja ni ya mnyororo.

Meneja alinipa ofa ya chumba kikubwa zaidi, nikakataa. Nilimwomba mambo 2: mapokezi waone kitabu cha ulinzi, na kila anayeingia chumbani mgeni hayupo aache karatasi mezani inayotaja saa, sababu na walioingia. Akasema atalifikisha kwa wakubwa. Nikajua ndiyo imetoka hiyo.

Kuhusu mengine sina la kulalamika. Godoro ni gumu kwa kiasi kinachotakiwa, mapazia yanazuia mwanga hadi ukutani, lifti haina kelele. Kifungua kinywa sikukionja hata siku moja, muda wake nilikuwa usingizini. Intaneti ni ya kusuasua.

Siku ya mwisho nilirudi chumbani kuchukua mabegi, nikakuta kipande cha karatasi mezani, kimechanwa kwenye daftari la shule, mwandiko wa kalamu ya bluu: "Tumeingia saa 5:10 asubuhi, watu 2, kubadilisha balbu ya bafuni. Hatujagusa kitu." Chini yake saini ya yule mama na jina la fundi. Niliingia bafuni kuhakikisha. Balbu ilikuwa mpya. Karatasi nimeiweka kwenye daftari, pale nilipoishia kuandika.