Mkeka katikati ya maiti ya Ouko

Podikasti hii nimeifuta kwenye simu. Jina lake silitaji, nisije nikawapigia debe bure.

Kesi ya kuuawa kwa Robert Ouko nimekua nikisikia wazee wakiinong'ona. Kwa hiyo niliposikia inafanyiwa sehemu tatu, tena kwa Kiswahili, nilifurahi mno. Na haki yao niwape, walianza vizuri. Februari 1990, Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, ametoka Washington na Rais Moi, yuko shambani kwake Koru, usiku anatoweka. Mfanyakazi wa nyumbani anasema aliona gari jeupe. Msimuliaji anashusha sauti, anakupeleka polepole hadi kilima cha Got Alila, mchunga mifugo anausogelea mwili ulioungua, halafu, bila hata kumeza mate: "Je, umeweka mkeka wako wa leo?"

Nilidhani simu imeruka. Nikarudisha nyuma. Wapi! Ni yeye yeye, anachekacheka, anasoma bonasi ya kujisajili. Mtu kapigwa risasi ya kichwa, kachomwa moto, ana watoto ambao huenda nao wanasikiliza, na wewe unanadi kamari!

Nikawaandikia, kwa adabu zote. Jibu: "Mzee, matangazo ndiyo yanatulisha. Kama yanakuuma, lipia." Mzee ni baba yako.

Baada ya hapo kila kitu kilinikera, hadi muziki. Sehemu ya pili kamari imepewa dakika nzima, lakini Tume ya Gicheru iliyokuwa ikichunguza kifo hicho, ambayo Moi aliivunja Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi, imepitwa kwa sentensi moja. Na hapo ndipo kesi ilipozimwa! Jonah Anguka naye, aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo akaachiliwa huru 1994, anazungumziwa kana kwamba hukumu bado.

Ila, niseme ukweli, kile kipande cha Troon, mpelelezi wa Scotland Yard kutoka Uingereza, na jinsi serikali ilivyotaka watu waamini kuwa Ouko alijiua, sijasikia kikielezwa vizuri hivyo kwa lugha yetu. Nimekisikiliza tena kabla ya kufuta. Sawa, na tena.

Nyota moja. Haya, mbili, ya pili ni ya Troon. Sehemu ya tatu wanasema ni ripoti ya kamati ya Bunge ya Gor Sunguh, iliyochunguza upya kifo hicho. Wakiisimulia bila kuikatiza naongeza ya tatu, wakinitupia kamari tena nazinyang'anya zote.