Lenzi pana na hausingi ya fulfremu chini ya maji: uzoefu wangu baada ya seti tatu

Nianze na picha moja ambayo mpaka leo sijaifuta. Tumbawe jekundu pana kama ungo, nyuma yake maji ya bluu na jua linashuka kwa mistari, na pale katikati kila kitawi unakihesabu, kuna samaki mdogo kajibanza unaona mpaka jicho lake. Sasa shusha macho kwenye kona mbili za chini. Matumbawe yamevutika yameyeyuka, utadhani mtu kapitisha kidole kwenye rangi kabla haijakauka. Hiyo ilikuwa fulfremu mpya, yaani kamera ya sensa kubwa, ndani ya hausingi, kasha lake lisiloingiza maji, lenzi ya zumu mm 16-35 ambayo nchi kavu haina shida kona hadi kona, apecha (tundu la mwanga, namba ikikua tundu linapungua) f/8, na iliniuma kwa sababu ile mbizi niliisubiri muda mrefu sana.

Nikailaumu lenzi. Nikaazima nyingine ya aina ile ile, matokeo yale yale. Aliyeniuzia seti akaniambia lenzi pana zote ndo zilivyo majini, zoea tu. Si kweli jamani, na hapa ndo naomba uelewe kabla hujatoa hela yako: ukishazama, lenzi haioni bahari moja kwa moja, inaona taswira ambayo domu imeitengeneza.

Yaani iko hivi. Domu, kile kioo cha mbele kilichobinuka kama kibuyu kilichokatwa, kikiwa na maji nje na hewa ndani kinageuka chenyewe kuwa lenzi. Kinachukua kila kilichoko mbele, hata cha mbali kabisa, kinakileta karibu, hakivuki rediasi tatu hivi kutoka kwenye kioo. Domu ya rediasi sm 10 maana yake bahari yote kwa lenzi yako inaishia sm 30 mbele ya kioo, domu ya sm 5 inaishia sm 15. Kwa hiyo lenzi isiyoweza kufokasi karibu haikufai hata iwe nzuri namna gani, ndo maana utakuta watu wanaifungia kilenzi cha +2 au +3 kwa mbele. Halafu hiyo taswira haijanyooka kama ukuta, imejikunja, na lenzi ya kawaida inayonyoosha mistari imetengenezwa isome kitu kilichonyooka, sasa katikati inapatia, konani inapotea. Kwenye fulfremu tatizo linakuwa kubwa zaidi maana kwa apecha ile ile na upana ule ule wa picha, sehemu inayokaa kwenye fokasi ni fupi kuliko kwa kamera ya sensa ndogo. Rafiki yangu niliyekuwa nazama naye alikuwa na sensa ndogo na kona zake zilikuwa safi kuliko zangu, nikawa sielewi.

Nikaenda bwawani kupima. Ukuta wa vigae, kamera imetulia kwenye ngazi, nikapiga f/5.6, f/8, f/11, f/13, f/16, nikaja kuangalia ule mstari mwembamba wa kati ya kigae na kigae. F/8 kona imekufa, f/11 inajitahidi, f/13 naikubali. Ila kutoka f/8 mpaka f/13 mwanga umeshuka chini ya nusu, kwa hiyo flashi zote mbili zinapiga kwa nguvu yote, unabaki unasubiri zijae tena, na kasa hana habari na flashi yako, keshaondoka. Niseme pia ukuta wa vigae ni mtihani mgumu kuliko bahari. Baharini kona za juu mara nyingi ni maji matupu, hakuna cha kuonekana kimeyeyuka, ni zile za chini zenye mchanga na matumbawe karibu na kioo ndo zinakuumbua. Tangu nijue hilo nainua kamera kidogo, naacha kona za chini zisiwe na kitu cha maana, na picha nyingi zimepona kwa hilo tu.

Pale bwawani nikagundua na kosa la pili. Ringi ya kurefusha, ile inayokaa kati ya hausingi na domu, niliyopewa ilikuwa fupi kuliko inayotakiwa kwa lenzi yangu. Kazi ya ile ringi ni kuweka kitovu cha domu pale pale lenzi inapoingizia mwanga, ikiwa fupi kona zinaharibika zaidi, ikiwa ndefu unapata kona nyeusi. Watengenezaji wa hausingi wanatoa jedwali la lenzi gani na ringi gani na domu gani, lisome mwenyewe, usimwachie muuzaji akukadirie.

Ushauri unaotolewa sana ni ununue domu kubwa, ile ya mm 230, na ni kweli inasaidia, kona zilitulia nikaweza kurudi f/11. Ila ya akriliki imejaa hewa, inainua pua ya kamera muda wote, dakika 50 za kuishindilia chini kiwiko kinawaka moto na ukitoka hapo kalamu hushiki. Ya kioo cha kweli haielei hivyo na haichubuki ovyo, lakini kubeba nchi kavu ni mzigo. Akriliki inachubuka ukiigusisha tu kwenye mwamba, uzuri wake unaweza kuisugua ikarudi.

Seti ya pili ilikuwa fishai, lenzi ya jicho la samaki inayoona pana sana na kupinda mistari, Canon 8-15, kwa 15 inajaza fulfremu yote na kukupa nyuzi 180 kutoka kona hadi kona. Hapa nilifurahi kweli. Fishai yenyewe haing'ang'anii mistari inyooke kwa hiyo ule mkunjo wa domu hauisumbui sana, nikaiweka kwenye domu ndogo ya mm 140 na kona kwa f/8 zikawa nzuri kuliko ile zumu kwenye domu kubwa kwa f/11. Inafokasi mpaka kitu kinakaribia kugusa kioo, na huo ndo utamu wa picha pana majini, unasogea mpaka maji yaliyo kati yako na tumbawe yanakuwa kidogo, rangi nyekundu inarudi, chembechembe hazionekani. Ubaya wake ni kwamba chochote kisichokuja karibu kinakuwa kitone. Papa alipita mita nne tano hivi, kwa macho mkubwa, kwenye picha ukubwa wa punje ya mchele. Na nguzo za meli iliyozama zinapinda kama upinde, mzamiaji akikaa pembeni miguu inajikunja, wengine wanapenda, mi sipendi.

Ndo nikafika seti ya tatu ambayo ndo natumia sasa, Nauticam WWL-1B, lenzi ya nje ya kuongeza upana, mbele ya poti bapa (dirisha la mbele lisilobinuka), ndani kuna Sony 28-60, kilenzi kidogo ambacho nchi kavu hakuna anayekishangaa. Ile WWL imepigiwa hesabu ya maji tangu mwanzo, inakupa nyuzi 130 kwa 28 na ukizumu inabana, papa anapatikana na tumbawe linapatikana kwenye mbizi moja. Kwa f/8 kona ni safi kiasi kwamba sijihangaishi tena. Kinachotakiwa ni kukumbuka kuilegeza ukishaingia majini na kutoa viputo vilivyobaki kati yake na poti, mbizi moja nilisahau, kila picha ina duara la kung'aa upande wa juu kushoto. Nje ya maji haifanyi kazi, na picha za nusu maji nusu anga sahau.

Kuhusu hausingi yenyewe sina mengi. Ya alumini inabana vizuri na vitufe vyake havichezi, ya plastiki ngumu ni nyepesi na unaona ndani kama maji yameingia, zote zinafanya kazi. Kubwa ni kwamba inatengenezwa kwa modeli moja tu ya kamera, ukibadili kamera hausingi inabaki pambo, poti na lenzi za nje ndo unahama nazo, kwa hiyo pesa yako nyingi iweke huko. Na usikubali kuchukua isiyo na pampu ya kunyonya hewa. Mimi nafunga usiku, nanyonya, taa inayoonyesha kama hewa inavuja inakuwa ya kijani, naiacha. Siku moja asubuhi nikakuta nyekundu, nikafungua nikaikagua oringi (mpira wa kuzuia maji) kwa tochi, unywele mmoja mfupi umelala juu ya grisi, basi. Bila ile taa kamera ingezama na huo unywele.

Domu kubwa sijaiuza. Kwa picha za nusu kwa nusu hakuna mbadala, mstari wa maji ukikaa kwenye kioo kipana unakuwa mwembamba, na wimbi dogo halikuharibii. Naifungia ile ile 16-35, f/16, naizamisha nzima, naiinua taratibu, napiga kabla matone hayajaanza kujikusanya juu.