TAHADHARI: Seti ya visu vya kuchongea gia kwenye boksi la mbao, usitume hela

Mafundi wenzangu, hasa mlio na karakana ndogo nyumbani: kuna seti ya visu vinane vya kuchongea meno ya gia inauzwa mtandaoni. Boksi la mbao, visu vinang'aa, kila kimoja kimegongwa "HSS M2". Nimelipa 320,000 kwa simu, mzigo ukaja na basi, na sasa muuzaji hapokei simu yangu.

Nilikuwa na kazi ya gia ya meno 24, moduli 2 (kipimo cha ukubwa wa jino kwa milimita), ya mashine ya kukoboa mahindi. Kipande nilishakikereza hadi milimita 52, kina cha jino ni 4.5. Kisu cha kwanza kilichonga nafasi tatu, kikaanza kulia, ncha zikageuka bluu, makali yakaisha. Nilipompigia, muuzaji akasema nimekimbiza mashine. Si kweli. Kisu cha milimita 60 nilikizungusha mara 80 kwa dakika, oili ikimwagika muda wote. Ni mwendo wa mita 15 hivi kwa dakika, na haispidi halisi (ndiyo HSS, chuma kigumu cha zana kinachovumilia joto) inastahimili zaidi ya hapo.

Nikachukua tupa, nikaigusa ubavuni mwa jino. Ikang'ata. Kwenye haispidi iliyokomazwa tupa huteleza kama juu ya kioo. Nikakisogeza kwenye jiwe la grenda: cheche nyeupe, nyingi, zikipasuka kama fataki. Hicho ni chuma cha kaboni. Cheche za haispidi ni chache, rangi ya machungwa iliyofifia, na karibu hazipasuki. Mtu asikudanganye kwa sumaku, maana vyote viwili vinanasa.

Visu sita vilikuwa hivyo. Viwili vilivyobaki ni haispidi kweli, na hivyo ndivyo vilivyoniumiza zaidi.

Kila kisu kwenye seti huchonga gia za idadi fulani ya meno. Kimoja kati ya hivyo viwili nacho kilikuwa cha meno 21 hadi 25, nikamalizia nacho kazi kwenye kipande kipya. Kilichonga vizuri sana. Kilikuwa kinacheza kidogo kwenye mhimili wangu wa milimita 22, nikadhani mhimili umelika. Gia ikaenda kwa mwenye mashine. Baada ya siku nne akairudisha, imesagika, na wateja wake walikuwa wamekaa na mahindi yao. Yule mzee hakunilaumu hata kidogo, jambo lililonikosesha usingizi.

Ndipo nikapima tundu la kisu: 22.2. Hiyo ni inchi 7 kwa 8. Nikakiweka juani nikakigeuza, na chini ya alama mpya nikaona mabaki ya herufi "DP" zilizosagwa. Kilikuwa kisu cha mfumo wa inchi, DP 12, yaani meno 12 kwa kila inchi ya kipenyo cha gia. Gawanya 25.4 kwa 12 unapata moduli 2.117. Kwa macho huwezi kuona tofauti, lakini kila nafasi inakuwa pana kuliko inavyotakiwa, na kila jino linabaki jembamba kwa karibu sehemu 18 za mia za milimita. Kisu kibovu kinajitangaza chenyewe. Hiki kinakufanya wewe ndiye umharibie mteja.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, dai picha ya karibu ya muhuri. Kisu cha kuaminika kinaandikwa moduli, pembe ya ubavu wa jino (nyuzi 20 au 14.5), nambari yake na idadi ya meno kinayochonga. "HSS M2" peke yake haitoshi, kwa sababu M2 ni jina la aina mojawapo ya haispidi pia, kwa hiyo hujui umeambiwa moduli au chuma. Dai na picha ya mgongo wa jino la kisu: umbo lazima lishuke taratibu kuelekea katikati huku likibaki lile lile, ndiyo maana kisu hicho hunolewa usoni tu. Vile vyangu sita vina mgongo ulionyooka, vinasugua badala ya kukata. Kisha pima tundu. Kama muuzaji anakataa upime na kugusa kwa tupa kabla ya kulipa, ondoka.

Nambari nazo ziangalie, ingawa hapo si lazima kuwe na wizi: kwenye seti nyingi za moduli, meno 21 hadi 25 ni nambari 4, ila kwenye DP ni nambari 5, kwa sababu zinahesabiwa kinyume. Ukikuta boksi moja lina mipango yote miwili, limeokotezwa.

Gia ya mzee nimeirudia bila malipo. Nilinoa kipande cha haispidi kiwe kisu cha jino moja, nikakifunga kwenye kishikio. Ubavu wa jino nikaukadiria kwa duara: nusu ya kipenyo kinachopita katikati ya meno (24 mara moduli 2 ni 48, nusu yake 24), mara 0.342, ambayo ni saini ya nyuzi 20, inakuja nusu kipenyo cha milimita 8.2. Kazi ya siku nzima, lakini mashine inakoboa.

Kama umeshauziwa boksi hilo, usitupe vile viwili vyenye tundu la 22.2. Andika "DP 12" kwa rangi na uviweke kando. Ipo siku italetwa gia ya mashine ya zamani ya Kiingereza.