Kupima radoni kabla ya kununua nyumba Marekani: chaguo la kwanza hadi la mwisho

Tulikuwa tunanunua nyumba hapa Des Moines, Iowa, mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika magotini. Ripoti ya radoni, gesi yenye mionzi inayotoka ardhini, ilipofika, ajenti wetu alisoma ukurasa wa kwanza tu: wastani wa saa 48, pikokyuri (kizio cha mionzi) 3.6 kwa lita ya hewa. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, linashauri nyumba irekebishwe ikifika 4. "Mmepita," akatuambia.

Mume wangu akafungua ukurasa wa pili, wenye namba za saa moja moja. Siku nzima ya kwanza zilikuwa zinazunguka 5. Ilipofika saa tatu usiku zikaporomoka hadi chini ya 1, na zilikaa hukohuko mpaka kesho yake mchana. Safu ya pembeni ilionyesha joto la chumba, nalo usiku uleule lilishuka kutoka nyuzi 68 za Farenhaiti hadi 54. Majira ya baridi Iowa, nyumba yenye hita inayofanya kazi haipoi hivyo mpaka mtu afungue madirisha. Tukadai kipimo kirudiwe. Safari hii mpimaji alibandika karatasi za lakiri kwenye madirisha na mlango wa nyuma. Jibu: 5.3.

Kama tungelipia kipimo cha bei rahisi tungepata ile 3.6 peke yake, na leo wanangu wawili wangekuwa wanalala kwenye besimenti ile, chumba cha chini ya ardhi, bila sisi kujua lolote. Kwa hiyo napanga machaguo haya kwa swali moja: kipimo hiki kitanionyesha kama kuna mtu ameharibu masharti ya upimaji?

Kwanza, kwa ambaye neno hili ni geni. Radoni ni gesi inayotokana na urani iliyomo kwenye udongo na mawe. Haina rangi, harufu wala ladha. Inapanda kutoka ardhini na kuingia kupitia nyufa za sakafu, matundu ya mabomba na shimo la pampu ya maji. Kwetu Afrika Mashariki wengi tumekulia nyumba za madirisha wazi kutwa, hewa inapita, na neno lenyewe hatukuwahi kulisikia. Huku nyumba inafungwa miezi mitano. Hewa ya moto inapanda juu, na chini nyumba inavuta hewa ya udongoni kama mrija. EPA inakadiria kwamba radoni inachangia vifo vipatavyo 21,000 vya saratani ya mapafu kila mwaka Marekani. Kwa wasiovuta sigara, ndiyo inayoongoza kusababisha saratani hiyo.

Na kile king'ora cha moshi na kaboni monoksidi ulichofunga ukutani hakitambui radoni. Naulizwa hili kila mara, kwa hiyo nalisema mapema.

Iowa yote, kaunti 99, imo kwenye ukanda wa hatari ya juu katika ramani ya EPA. Barafu ya zama za kale ilisaga miamba na kutuachia udongo wenye urani. Lakini usitegemee ramani kuamua. Mwaka 1984 huko Pennsylvania, Stanley Watras, mhandisi wa kituo cha nyuklia cha Limerick, alikuwa anawasha ving'ora vya mionzi wakati anaingia kazini, na mionzi ile ilikuwa inatoka nyumbani kwake. Nyumba yake ilipimwa ikakutwa na pikokyuri zipatazo 2,700. Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana kabisa, kwa sababu kila moja ina ardhi yake chini na nyufa zake.

Sasa mpangilio wangu, kwa anayenunua nyumba.

1. Mpimaji mwenye leseni, na mashine inayopima mfululizo

Hapa ndipo ningeweka pesa yangu tena. Ni kisanduku kinachoachwa kwa saa 48 au zaidi, kikirekodi kiwango cha kila saa. Mashine nyingi za kazi hii zinarekodi pia joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, na nyingine zinajua kama zimesogezwa. Majibu unayapata mara mashine inapochukuliwa, jambo kubwa kwa mnunuzi mwenye siku kumi tu za ukaguzi kwenye mkataba. Bei ninazoziona ni kama dola 150 hadi 250. Ukiunganisha na ukaguzi wa nyumba nzima, mara nyingi inashuka.

Usilipe kabla ya kuuliza mambo haya. Ana leseni ya jimbo? Iowa, Illinois, Minnesota, Ohio na Pennsylvania ni kati ya majimbo yanayodai hivyo kwa anayepima kwa malipo, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya idara husika ya jimbo. Pale ambapo jimbo halina sheria hiyo, tafuta cheti cha NRPP au NRSB, mashirika ya kitaifa yanayothibitisha wapimaji wa radoni. Mashine yake ilikaguliwa usahihi lini mara ya mwisho? Akijiumauma, mshukuru ukate simu. Utanipa namba za kila saa au wastani tu? Mwambie kabisa kwamba unazitaka zote. Swali la mwisho nalipa uzito mkubwa: wewe au kampuni yako mnafunga pia mifumo ya kuondoa radoni? Anayekupimia asiwe yule atakayekuuzia feni ya kuvuta radoni nje. Sisemi mafundi hao ni wezi, wapo waaminifu wengi, ila sitaki jibu la kipimo changu liwe ndilo linalompa mtu kazi ya dola elfu mbili.

2. Mpimaji mwenye leseni, vikopo viwili kwa pamoja

Huyu anaweka vipimo viwili visivyo na umeme ubavu kwa ubavu, vya mkaa maalumu unaonyonya gesi au vya elektreti (diski yenye chaji inayopunguzwa na mionzi), kisha maabara inatoa wastani wa vyote viwili. Vikitofautiana sana, unajua kuna kasoro. Ni njia inayokubalika kwenye mauzo ya nyumba, na kwa kawaida gharama yake iko chini kidogo. Upungufu wake ni ule nilioanza nao: hauoni kilichotokea saa tatu usiku. Ukiichagua, sisitiza karatasi za lakiri kwenye madirisha, na muuzaji asaini kwamba ameelewa masharti.

Masharti yenyewe ni haya, na yanahusu kipimo chochote cha siku chache. Madirisha na milango ya nje ifungwe saa 12 kabla ya kuanza na muda wote wa kupima, isipokuwa mtu anapoingia na kutoka kawaida. Hita au kiyoyozi kifanye kazi kama siku zote. Kipimo kikae kwenye orofa ya chini kabisa inayoweza kutumika kuishi, inchi 20 au zaidi kutoka sakafuni, futi tatu kutoka kwenye dirisha au mlango wa nje. Jikoni hapana, bafuni hapana, chumba cha kufulia hapana. Nimewahi kuona kikopo kimewekwa juu ya mashine ya kukaushia nguo, na aliyekiweka alikuwa amelipwa.

3. Kipimo cha muda mrefu

Kwa mnunuzi hakifai, maana kinachukua siku 90 hadi mwaka mzima. Nakiweka hapa kwa sababu ukishahamia hiki ndicho kinachokuambia ukweli wa nyumba yako. Radoni inapanda na kushuka kwa misimu, kwa mvua, kwa upepo, na saa 48 ni kipande kidogo sana cha mwaka. Ndani ya kidude hiki kuna kipande cha plastiki. Chembe za alfa, mionzi ya radoni, zinaacha alama juu yake, na maabara inazihesabu. Dola 25 hadi 50, na hakikisha ada ya maabara imo. Huko Kanada, wizara ya afya inapendekeza kipimo cha miezi mitatu au zaidi kwa nyumba unayoishi, na nadhani wamepatia.

4. Kikopo cha mkaa cha kununua mwenyewe

Dola 15 hadi 40 dukani. Majimbo na kaunti kadhaa hutoa kwa bei nafuu au bure, na Chuo Kikuu cha Kansas State kina programu inayoviuza kwa punguzo. Kama tayari unaishi kwenye nyumba na pesa ni ya kubana, anza na hiki leo bila aibu. EPA yenyewe inakubali mwenye nyumba ajipimie. Shemeji yangu wa Columbus aliniuliza kama ni kupoteza pesa, nikamwambia hapana, ila kitume maabara siku ileile unapokifunga. Radoni iliyonaswa kwenye mkaa inapungua nusu kila baada ya siku 3.8, na bahasha iliyosahaulika kwenye gari wiki nzima haina jibu tena.

Kwa nyumba unayonunua, sikishauri. Hukai humo, huwezi kukilinda, na muuzaji anaweza kukataa jibu lako.

5. Kifaa cha dijitali cha nyumbani

Hivi vya betri, kama vya kampuni ya Airthings, vinauzwa kama dola 100 hadi 250. Ninacho, nakipenda. Kinafaa kufuatilia miaka na miaka, hasa baada ya kufunga feni. Usikifanye kipimo cha mkataba, na usishtuke namba ya siku moja ikiruka; angalia wastani wa miezi.

Kuna kimoja siwezi kukipa nafasi yoyote: kipimo cha "bure" anachokuongezea mkaguzi wa nyumba asiye na leseni ya radoni. Ukiona halipo jina lake kwenye orodha ya jimbo, lipia mtu mwingine.

Jibu likija 4 au zaidi, nyumba si ya kukimbia. Fundi anatoboa sakafu ya besimenti, anashusha bomba la PVC, na feni inavuta gesi toka chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa. Kazi nyingi ninazozijua zimegharimu kati ya dola 1,000 na 2,500, na kabla ya kusaini una nguvu ya kumwambia muuzaji alipe au apunguze bei. Kwetu alilipa. Likiwa kati ya 2 na 4, EPA inasema fikiria kurekebisha, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango cha bekereli (kizio kingine cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo, yaani pikokyuri 2.7 hivi. Mimi ningerekebisha kama watoto wanalala chini.

Mpangaji naye asijione yuko nje ya habari hii. Ukiwa chini ya ghorofa ya tatu, omba mwenye nyumba apime, au nunua kikopo mwenyewe.

Baada ya feni kufungwa, pimeni tena: si chini ya saa 24 tangu iwashwe, na ndani ya siku 30. Halafu kila miaka miwili. Kwenye bomba kuna mrija mdogo wa umbo la U wenye maji ya rangi. Pande mbili zikiwa hazilingani, feni inavuta. Zikilingana, imekufa, mpigie fundi. Kwetu maji yale ni mekundu. Kila nikishuka kufua naangalia, na mwanangu mkubwa, wa miaka tisa, siku hizi ananitangulia kuangalia.